Kobe Akiugua Msimu wa Baridi: Namna ya Kumtunza na Kupasha Joto Makao Yake

Julai ya mwaka juzi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifungua banda la Babu, kobe wangu, hapa kwetu Nakuru nikamkuta ameegemea kona, shingo ameinyoosha yote nje na kichwa amekiinua juu. Kwenye tundu la kushoto la pua palikuwa na povu moja, dogo kama punje ya mtama. Akivuta pumzi linanywea, akiitoa linatuna, kisha linapasuka na jingine linaanza. Miguu yake ya mbele ilikuwa ikiingia na kutoka kwenye gamba kama mvukuto wa mhunzi. Nilipoinama karibu nikasikia mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

Babu ni kobe wa madoa, yule mwenye gamba la manjano lenye mabaka meusi anayeonekana sehemu nyingi za Kenya. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa na kilo 3.4. Asubuhi ile mizani ya jikoni ilisoma 3.1.

Alipona, lakini zilipita siku kumi na tisa kabla hajatafuna jani la kwanza. Niliyojifunza katika siku hizo nayaandika hapa kwa mpangilio wa kufuatwa, kwa sababu wengi wetu tunaofuga kobe kwenye nyanda za juu huanza na kitu ambacho hakikupaswa kuwa cha kwanza. Tunakimbilia dawa.

Mtu akiugua, au ng'ombe, mwili wake hupandisha joto wenyewe ili upigane na ugonjwa. Kobe hana uwezo huo. Joto la damu yake ni joto la mahali alipolala. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hewa hukaribia nyuzi 10 (nyuzi zote humu ni za Selsiasi). Kwenye baridi hiyo tumbo la kobe husimama, majani aliyokula jana yakabaki ndani yakichacha. Kinga ya mwili hulala. Dawa ikidungwa haisambai inavyotakiwa. Tena kobe hana kiwambo, ule msuli wa chini ya mapafu unaotusaidia sisi kukohoa, kwa hiyo makamasi yakishafika mapafuni hayana njia rahisi ya kutoka. Mafua ya kobe hayasubiriwi yaishe yenyewe.

Na kuna jambo linalopoteza watu wanaosoma maelekezo ya Ulaya. Kuna kobe wa huko wanaolala miezi ya baridi bila kula, na ni kawaida yao. Kobe wetu wa madoa hana usingizi huo. Akijikunyata siku nne bila kugusa chakula, anaumwa au amezidiwa na baridi.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Kwa kobe, hata uji wenyewe usubiri. Fuata utaratibu huu: joto, maji, daktari, ndipo chakula.

Hatua ya kwanza: mkague

Kobe huficha ugonjwa mpaka ashindwe kuuficha, kwa hiyo ukiona dalili leo jua ana siku kadhaa. Mtoe kwenye mwanga wa jua la asubuhi umtazame taratibu. Pua iwe kavu, isiwe na ute wala povu. Macho yawe wazi na maangavu. Yaliyovimba yakafumba ni ugonjwa, na yaliyozama ndani ni ukosefu wa maji. Vuta mguu wa mbele kidogo: kobe mzima atakunyang'anya kwa nguvu, mgonjwa atakuachia. Bonyeza gamba kwa kidole gumba. Kwa kobe mkubwa linatakiwa kuwa gumu kama mbao. Likibonyea kama chupa ya plastiki, ana upungufu wa kalsiamu au amenyimwa jua muda mrefu. Vitoto vya miezi michache huwa na gamba laini kidogo, hao usiwahukumu kwa kipimo hiki. Nusa gamba la chini pia, maana sehemu iliyoanza kuoza hunuka kabla haijaonekana.

Yako mambo ambayo hayasubiri hatua nyingine yoyote. Kobe anayepumua kwa mdomo wazi, kobe aliyeng'atwa na mbwa (tundu la jino huonekana dogo lakini uchafu umeingia ndani), kobe aliyetokwa na nyama nyuma chini ya mkia, na jike anayesukuma mayai bila mafanikio. Hao wapelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Nyama iliyotoka ifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa ili isikauke njiani.

Hatua ya pili: mtenge, mpime, andika

Kama una kobe wengine, mgonjwa akae chumba kingine kabisa, na umhudumie yeye mwisho. Mafua haya huambukizana.

Chukua daftari la shule. Kila asubuhi kabla ya kumwogesha, andika uzito, joto la sanduku upande wa moto na upande wa baridi, kama amekojoa, kama amepata choo. Mizani ya jikoni ya kilo 5 inatosha kwa kobe wa wastani. Kwa mkubwa tumia ile ya kuning'iniza ya wauza viazi, kobe akiwa ndani ya kikapu. Babu alipoteza karibu asilimia 9 ndani ya wiki mbili, na hiyo ni nyingi. Lakini usiogope tarakimu ya siku moja, kwa sababu kobe akikojoa sana tu anaweza kupungua gramu mia hivi. Tazama mwelekeo wa siku tano au sita.

Hatua ya tatu: sanduku la mgonjwa na joto lake

Hapa ndipo pa kuweka bidii yako yote.

Sanduku langu ni la plaiwudi, urefu sentimita 120, upana 60, kimo 50. Fundi wa mtaani alilimaliza kwa nusu siku. Kama huna, kabati kuukuu lililolazwa chali linafaa sana. Liweke ndani ya nyumba, mbali na jikoni penye moshi, na usiliweke moja kwa moja juu ya sakafu ya simenti. Simenti hunyonya joto usiku kucha. Liinue kwa vipande viwili vya mbao na utandike gunia chini yake.

Ndani tandika magazeti. Najua hayapendezi, lakini kwenye gazeti utauona mkojo, kinyesi na ute wa pua, na utabadilisha kila siku bila taabu. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala usilitumie kamwe kwa kobe mwenye shida ya kifua. Akipona utamrudishia hei ya boma rhodes, yaani nyasi zilizokaushwa.

Funika juu robo tatu, uache wazi upande wa mbali na taa. Wengi hufunika kote ili joto lisitoke, na hewa ikishavunda humo mapafu yanazidi kuumia.

Joto litoke juu, lisitoke chini. Kobe ameumbwa kulijua jua, na jua liko juu ya gamba lake. Akipata moto wa kutosha anaondoka. Joto la chini hulitambui mapema kwa kumtazama, na yeye mwenyewe hulihisi kwa kuchelewa. Anaweza kukaa juu ya blanketi la umeme mpaka gamba la tumbo likaungua. Kwa hiyo hakuna blanketi la umeme, hakuna pasi iliyofunikwa kwa taulo, hakuna jiwe la kupasha.

Utahitaji vyanzo viwili. Cha mchana ni balbu ya kizamani ya waya wa ndani, wati 60 hadi 100, au balbu ya halojeni. Balbu za kuokoa umeme zinazojaa madukani siku hizi hazitoi joto la maana, usidanganyike na mwanga wake. Cha usiku ni hita ya kauri: inafungwa kwenye holda kama balbu, haitoi mwanga wowote, inatoa joto tu. Kobe anahitaji giza ili apumzike. Usipoipata, ile balbu nyekundu ya vifaranga inayouzwa kwenye agroveti itakuvusha kwa siku chache, ila nyingi zina wati 150 hadi 250, ni kali mno kwa sanduku la kimo cha sentimita 50. Ining'inize juu ya sanduku, kutokea kwenye dari.

Holda iwe ya kauri. Ya plastiki itayeyuka. Ifunge kwa mnyororo mwembamba wa chuma, usiiachie ining'inie kwa waya wake wa umeme, na uizungushie wavu wa chuma ili hata ikianguka isiguse karatasi. Umbali kati ya taa na gamba uamue kwa kipimajoto.

Sasa thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima hita chenyewe kulingana na joto. Usihangaike kutafuta ya kobe. Nenda kwa mafundi wanaotengeneza mashine za kutotolesha mayai, Nakuru na Kisumu wapo. Wana thamostati ndogo za kidijitali zenye waya wa kupimia joto mwishoni. Mwambie fundi akuunganishie na soketi. Ile ncha ya kupimia ifunge katikati ya sanduku, kwenye kimo cha gamba, na uibane kwa waya ili kobe asiisogeze. Ukiiweka chini ya taa itazima mapema na pembe zote zitabaki baridi. Ukiiweka juu karibu na mfuniko itakudanganya vilevile, maana hewa ya moto hupanda. Thamostati iongoze hita ya kauri. Balbu ya mchana iwashwe saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni, kila siku wakati uleule.

Vipimo vya mgonjwa ni hivi: chini ya balbu nyuzi 32 hadi 35, katikati 27 au 28, upande wa mbali usipungue 25. Usiku kote 25 au 26. Kobe mzima anaweza kuvumilia usiku wa nyuzi 18, lakini huyu si mzima. Lazima upande mmoja uwe wa moto kuliko mwingine ili achague mwenyewe. Akishinda chini ya taa siku nzima, pengine kwingine ni baridi mno. Akijibana pembe ya mbali muda wote, punguza.

Kabla hujamweka ndani, washa kila kitu sanduku likiwa tupu kwa saa mbili, kipimajoto kikiwa mahali gamba litakapokuwa. Mimi nilifanya hivyo nikakuta nyuzi 43 chini ya balbu. Niliipandisha pingili nne za mnyororo, ikashuka hadi 34.

Watu huogopa stima. Hita ya wati 100 ikiwaka saa 24 bila kuzimika inakula uniti 2.4 kwa siku. Kwa thamostati na mfuniko mzuri haiwaki muda wote. Yangu ilikuwa ikiwaka kama nusu ya saa za usiku.

Hatua ya nne: stima ikipotea

Itapotea, kwa hiyo jitayarishe kabla ya giza kuingia. Weka mitungi miwili ya lita tano karibu, taulo mbili nene, blanketi, na chupa za chai zilizojazwa maji ya moto jioni. Umeme ukikatika, jaza mitungi maji ya moto ambayo hayajafika kuchemka, ifunge kwa taulo, isimamishe pande mbili za kobe bila kumgusa, funika sanduku kwa blanketi ukiacha uwazi wa upana wa kiganja. Badilisha maji kila baada ya saa tatu hivi. Usiku wa pili wa ugonjwa wa Babu stima ilipotea saa nane usiku ikarudi alfajiri. Kwa mitungi miwili sanduku halikushuka chini ya nyuzi 23.

Jiko la makaa lisiingie chumba hicho, hata kama majirani hulitumia kwa vifaranga. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, na itamuua kobe na wewe uliyelala karibu naye. Stovu ya mafuta taa vivyo hivyo.

Hatua ya tano: maji

Kobe mgonjwa karibu kila mara amekaukiwa. Akishakaa kwenye joto saa nne au tano, mwogeshe. Mimi hutumia beseni la plastiki lenye kuta ndefu. Maji yawe vuguvugu, kama nyuzi 30. Yapime kwa kiwiko kama unavyopima ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kina chake kiishie pale gamba la juu linapokutana na la chini, na kichwa kikae juu ya maji bila yeye kujitahidi. Kobe dhaifu anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vitatu, kwa hiyo usiondoke hata kupokea simu.

Muache dakika 15 hadi 20, ukiongeza maji ya moto kidogo pembeni yakipoa. Mara nyingi atatumbukiza uso mzima na utaona koo likicheza. Anakunywa. Kisha atakojoa, na pamoja na mkojo utatoka uji mweupe. Ukiwa laini kama maziwa mala, vizuri. Ukiwa na chembe kama mchanga au vipande vya chokaa, amekaukiwa sana, na huenda kuna jiwe kwenye kibofu; mwambie daktari. Mkaushe kwa leso kuukuu, hasa mikunjo ya shingo na mapaja, umrudishe chini ya balbu mara moja. Fanya hivi kila siku.

Macho yaliyogandana yasafishe kwa pamba na maji ya chumvi ya hospitali, yale ya chupa yanayouzwa kwenye duka la dawa.

Beseni hilo lisirudi jikoni, na maji yake yamwagwe chooni. Kobe hubeba bakteria wa salmonela hata akiwa mzima. Nawa kwa sabuni kila ukimshika, na watoto wadogo wasimguse akiwa mgonjwa.

Hatua ya sita: daktari, na dawa moja ya kukataa

Siku ya kwanza, kabla sijampata daktari, niliingia duka moja la dawa za mifugo. Kijana wa pale alinisikiliza kwa heshima, kisha akashusha chupa ya ivermectin. "Mama, hii inamaliza minyoo yote. Ng'ombe, mbuzi, mbwa, wote tunawapa." Kwa ng'ombe na mbuzi alisema kweli. Kwa kobe dawa hiyo ni sumu: hulegeza misuli yote, hata ile ya kupumulia, na kobe hufa polepole huku ukidhani amelala. Jina hilo lihifadhi. Liandike kwenye jalada la daftari lako ukitaka, kwa sababu dawa hii iko kila agroveti na watu wema wataipendekeza kwa nia njema.

Madaktari wengi wa mikoa yetu hushughulika na ng'ombe wa maziwa kutwa nzima, na si aibu daktari kuwa hajatibu kobe wengi. Tafuta aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, umwombe awasiliane na wenzake. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina kitivo cha tiba ya mifugo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina chake Kabete. Nilimwambia wetu, "Daktari, naomba kabla ya dawa yoyote ya minyoo tuzungumze, nimesoma kwamba ivermectin inaua kobe." Hakukasirika. Alinipa kiti, akafungua kitabu chake, tukasoma pamoja.

Mpeleke ndani ya katoni iliyotobolewa, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo pembeni. Kwenye matatu mpakate. Buti ni baridi na ina moshi. Beba daftari, kinyesi cha siku hiyo kwenye chupa safi, na picha za banda lako. Muulize daktari kama atampima maji ya mwili kwanza. Kuna dawa za bakteria zinazoumiza figo za kobe aliyekaukiwa, ndiyo maana siku mbili za joto na kuogeshwa kabla ya sindano si siku zilizopotea, ila awe hapumui kwa mdomo. Sindano kwa kawaida hupigwa mguu wa mbele, kwa kuwa damu ya miguu ya nyuma huweza kupitia figoni kabla ya kuzunguka mwili. Maliza siku zote ulizoandikiwa hata kama povu limekauka siku ya tatu.

Nyumbani usimpe vidonge vya watu vilivyobaki kabatini, wala dawa ya kikohozi, wala maziwa. Na usimnyweshe uji kwa sindano isiyo na ncha bila kufundishwa na daktari. Ukikosea kidogo unaingia mapafuni.

Hapa niseme na kuhusu sheria. Kobe wetu ni mnyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Beba nakala ya kibali unaposafiri naye. Ukiokota kobe mgonjwa barabarani, tuseme kati ya Gilgil na Nakuru, usimpeleke nyumbani kumfanya wako. Pigia KWS, wapo kwenye Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na Kisumu wako pale kwenye hifadhi ya Impala.

Hatua ya saba: chakula

Usimhangaikie kula siku za kwanza. Kobe mzima mwenye maji ya kutosha huvumilia siku nyingi bila chakula. Kinachomuua haraka ni baridi na kiu. Kila asubuhi baada ya kumwogesha weka kidogo kibichi mbele yake, ukiondoe jioni.

Kobe wa madoa ni mla nyasi. Nyasi ya kikuyu changa, mchunga, majani na maua ya haibiskasi, kipande cha mpungate kilichotolewa miiba yote. Hivyo ndivyo vya kila siku. Sukuma wiki na kabichi si sumu, ila visiwe ndiyo mlo wake, na mchicha upunguze kwa kuwa huzuia kalsiamu. Nyunyiza unga wa maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa laini. Ugali, mkate, wali, nyama na chakula cha mbwa havimfai hata akivililia. Ndizi na papai ni za kumtamanisha tu, kipande cha ukubwa wa ukucha.

Chuma majani mahali ambapo hapajapuliziwa dawa. Kando ya shamba la nyanya usiguse kitu.

Rangi nyekundu huwavuta sana. Siku ya kumi na tisa niliweka ua la haibiskasi lililochanua asubuhi ile, nikaketi mbali kidogo. Babu alilitazama muda mrefu. Akanyoosha shingo, akalikosa, taya likafunga hewa. Mara ya pili alishika ncha ya petali, akalibana kwa mguu wa mbele na kurarua. Ule mlio wa kuraruka niliusikia kutoka nilipokaa, nikalia.

Hatua ya nane: jua, na kurudi nje

Sisi tunaokaa karibu na ikweta tumejaliwa kitu ambacho wenzetu wa Ulaya hununua kwa taa ghali: jua la juu ya utosi, lenye miale inayomwezesha kobe kutengeneza vitamini D na kutumia kalsiamu. Pua ikishakauka, mtoe nje dakika 20 hadi 30 kati ya saa nne na saa sita siku ya jua, hewa ikiwa imefika nyuzi 22 na upepo umetulia. Dirishani hakusaidii kwa hilo, kioo huzuia miale hiyo. Pawe na kivuli anachoweza kukifikia kwa hatua chache, na ukae naye. Mbwa na kunguru hawahitaji muda mrefu.

Ongeza muda kila siku. Joto la usiku lishushe nyuzi moja kila baada ya siku mbili, kutoka 25 hadi ufike 20, ukisikiliza pumzi kila alfajiri. Mluzi ukirudi, rudi 25 usiku uleule.

Banda la nje la kulala ndilo lililonifundisha chanzo cha ugonjwa. La Babu lilikuwa la mabati, sakafu ya udongo, mlango ukielekea upepo wa ziwani, na mvua za Juni zilikuwa zimelowesha nyasi za ndani. Baridi peke yake ni mbaya. Baridi na unyevu pamoja ndivyo vinavyoleta kifua. La sasa ni la mbao kuta mbili, katikati nimejaza hei kavu, sakafu imeinuliwa sentimita 15, mlango unatazama mashariki na una pazia la vipande vya zulia kuukuu. Ndani ni padogo, panamtosha kugeuka tu, kwa sababu padogo hupashika upesi. Hita ile ile ya kauri imefungwa kwenye dari ndani ya wavu, thamostati ikiwa 20.

Eldoret na Kericho, ambako ni juu zaidi ya hapa, fanyeni hivi na zaidi. Kisumu mambo ni tofauti. Kule usiku hukaa karibu nyuzi 17 au 18, na dada yangu wa Milimani ya huko, ambaye kobe wake anaitwa Opuk, yaani kobe kwa Kiluo, huwasha hita kwa wiki chache tu mvua ndefu zikizidi. Shida yake ni mchana. Banda la bati lisilo na kivuli saa saba linaweza kumpika kobe aliyegeuka chali akashindwa kujiinua. Yeye ameezeka makuti juu ya mabati na kuweka sinia pana la maji chini ya mwembe.

Pima uzito kila wiki kwa miezi mitatu baada ya kupona. Hita usiipeleke stoo msimu ukiisha, iache ining'inie pale pale, holda imefunikwa kwa mfuko buibui wasijenge ndani. Mwishoni mwa Mei ifungue, ifute vumbi, iwashe usiku mmoja mzima banda likiwa tupu na kipimajoto kiko kwenye kimo cha gamba, na ununue ya akiba kabla ya Juni kuingia.